Siku Ambazo Lesian Hakung'ata

Kituo cha kulelea watoto cha Madam Lilian kiko Lemara, kwenye nyumba ya vyumba vitatu yenye geti la bluu. Kandida, Mchaga wa Kibosho mwenye miaka arobaini na saba, ndiye anayekaa na watoto walio chini ya miaka mitatu. Wapo tisa. Wazazi humwita Anti.

Mwanzoni mwa Februari aliletwa Lesian, wa mwaka mmoja na miezi kumi. Mama yake, Nosim, anauza mboga soko la Kwa Mrombo na hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto. Wiki ya kwanza Lesian alimng'ata mwenzake begani. Wiki ya pili akang'ata wawili.

Kila jeraha huandikwa kwenye daftari la kituo: tarehe, saa, aliyeumia, aliyeumiza, huduma aliyopewa. Mzazi haambiwi nani kamng'ata mwanawe. Kandida aliandika yote kwa kalamu ya wino, bila kufuta.

"Dada, mng'ate na wewe mara moja," alimshauri Resiato, mpishi. "Aonje utamu wake."

"Atajifunza kwamba hata watu wazima wanang'ata."

"Basi mpake pilipili mdomoni."

"Resiato, uji wako unaungua huko."

Badala ya pilipili, Kandida alimchunguza. Lesian aling'ata karibu saa nne, kabla ya uji, mtu akimjia kwa nyuma kuchukua alichoshika. Nyumbani alizoea Kiarusha, hapa wote walisema Kiswahili. Hakuwa na neno la kumzuia mtu. Kandida akamwomba Nosim amfundishe kusema "acha" na "changu" kwa Kiarusha, akayaandika kiganjani ili amzoeze Lesian kuyasema. Akaanza kumpa uji nusu saa mapema na kumkalisha mgongo ukiwa ukutani. Tangu tarehe tano Machi, meno ya Lesian hayakumgusa mtu.

Alhamisi tarehe ishirini na saba mtoto mmoja alitapika mkekani. Kandida aliinama kupiga deki. Mtoto mwingine, Princess, akapita nyuma ya Lesian, ambaye alikuwa amesogea kutoka ukutani kukwepa matapishi, akamnyang'anya kopo. Lesian akamng'ata shavuni. Kandida alimkanda Princess kwa kitambaa cha maji baridi, lakini alama za meno zilibaki, juu na chini.

Jioni Anna, mama yake Princess, alisimama mlangoni.

"Anti, nani kamfanya mwanangu hivi?"

"Ni mtoto mwenzake, Mama Princess. Tumemhudumia. Jina huwa hatutaji."

"Leti," alisema Princess akiwa mikononi mwa mama yake. "Leti am!" Akauma hewa kwa meno.

Kesho yake asubuhi Madam Lilian alilichukua daftari, akapitisha kidole kwenye kurasa.

"Taarifa kumi na moja, Kandida. Za mtoto mmoja."

"Nane ni za Februari, Madam. Mbili mwanzo wa Machi. Halafu siku kumi na sita za kazi hakung'ata hata mara moja, mpaka jana."

"Ziko wapi hizo siku kumi na sita?"

Kandida alitazama ukurasa. Chini ya tarehe nne Machi ilifuata tarehe ishirini na saba, mstari kwa mstari, bila nafasi katikati.

"Asipoumia mtu hatuandiki."

"Sasa Mama Princess nimwonyeshe nini? Wazazi watatu wamenipigia simu jana usiku. Nikiondokewa na watatu, nafunga geti."

"Mimi nilikuwepo, Madam. Niliona."

"Najua uliona," alisema Madam Lilian, bila ukali. Alifunga daftari.

Jioni Nosim alipewa barua ya kumwondoa Lesian kituoni. Hakuisoma pale, alimpa Kandida amsomee.

"Lakini mwenyewe ulisema ameacha."

"Alikuwa ameacha."

"Basi niandikie hivyo, Anti. Niipeleke kituo kingine."

Kandida aliandika nusu ukurasa, akatia sahihi. Madam Lilian hakugonga muhuri. Vituo viwili vilimrudisha Nosim. Cha pili kilipiga simu Lemara kwanza.

Jumamosi ya wiki iliyofuata Kandida alikwenda Kwa Mrombo kununua mchicha. Lesian alikuwa ameketi kwenye gunia, kanga imefungwa kiunoni mwake, ncha ya pili kwenye mguu wa meza ili asifike barabarani.

"Shikamoo Anti," alisema Nosim.

"Marahaba, mama. Mnaendeleaje?"

"Huku hana kesi." Nosim alicheka kidogo. "Wa kumng'ata ni mimi tu."

Lesian alimnyooshea Kandida mikono. Akamfungua, akamshika kifuani mpaka Nosim alipomaliza wateja wanne. Kisha akamrudisha kwenye gunia na kumfunga tena ile kanga, isimbane.