Mtutu Niliouchagua Mimi

Bunduki ile ya rangi ilikuwa yetu wawili, mimi na kaka yangu. Tuliachiwa na mzungu aliyepanga jirani yetu hapa Geita, mkataba wake ulipokwisha. Kaka aliendesha lori la mchanga, mimi nashona nguo sokoni. Kila Jumamosi tulikwenda uwanja wa nje ya mji, penye matairi na mapipa ya kujifichia, tukitwangana na vijana wa makampuni kwa gololi laini zilizojaa rangi, zinazopasuka zikikupiga. Tulipokezana bunduki: raundi yake, raundi yangu. Nilikuwa na shabaha kumzidi, na mwenyewe alikuwa akilisema hilo mbele za watu. Siku hizo.

Shida ilikuwa mtutu. Ulikuwa umechakaa kwa ndani, gololi ikitoka inapinda kama mlevi. Mwenye uwanja akaagiza mitutu mitatu kutoka Dar es Salaam, akatuambia tuchague mmoja. Kaka akaukimbilia mrefu, mweusi, wa kung'aa.

"Huu ndio unafika mbali."

"Kaka, urefu hausaidii kitu. Tuangalie gololi inavyokaa."

Nikachukua gololi zile zile tunazochezea. Kwenye ule mrefu, gololi iliteleza ikadondokea upande wa pili bila kuguswa. Kwenye wa pili ilikwama. Nilipuliza mpaka masikio yakaziba. Kwenye ule mfupi wa kijivu, usio na sura, ilitulia. Nilipopuliza kidogo, ikatoka.

"Ni huu," nikasema.

Kaka alinuna. Lakini alipoufunga na kupiga pipa la mbali, gololi zote zikatua pale pale. Akanishika bega. "Mdogo wangu, una jicho."

Haukupita muda, timu ya makandarasi ikamwita. Walikuwa na mechi na watu wa Kahama, wakapungukiwa mtu mmoja mwenye bunduki nzuri. Mimi nilipopata habari, kaka alikuwa ameshaifunga bunduki kwenye taulo.

"Wanataka mwanaume," alisema bila kunitazama. "Wewe njoo utusaidie kujaza gololi."

Nilikwenda, nikidhani watanipa hata raundi moja. Siku nzima nilikaa nyuma ya wavu, najaza gololi, navuta kitambaa ndani ya mtutu kila gololi ilipopasukia humo. Walishinda. Nahodha wao akamuuliza kaka mtutu ule kaupataje.

"Nimeuchagua mwenyewe. Unaweka gololi, unapuliza. Ikitulia kwanza ndipo itoke, ndio huo."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo, rangi imenifika viwikoni. Aliniona. Akaendelea.

Bunduki haikurudi nyumbani. Ilifungiwa kwenye kabati la timu, na mwenye ufunguo hakuwa mimi.

Krismasi tulikwenda kwetu Didia. Mama yetu, ambaye tunamwita mayu, alikuwa jikoni anapika michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na kaka akamsimulia habari yote ya mtutu: kupuliza, pipa, ushindi. Mayu alicheka kwa furaha, akasema mtoto wake ana akili.

"Mayu, ule mtutu niliuchagua mimi."

Kaka akainamia simu yake.

"Haya, mama," mayu akanijibu, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. "Na wewe ulikuwepo. Hebu mpelekee kaka yako maji anawe."

Nikachota maji, nikammiminia mikononi. Akasema ahsante.