Upande wa Pili wa Barabara

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wahenga hao hawakumjua shangazi yangu. Amekohoa miaka mitatu ndani ya nyumba ya baba yake mzazi, na mzee hakusikia hata mtu kusafisha koo.

Shangazi ni msusi. Ana saluni ya viti vitatu mtaani kwetu, na mimi ndiye ninayeshika taulo, dawa za nywele na umbea. Anaishi kwa babu, chumba cha uani, na ndiye anayemtunza mzee tangu bibi afariki. Amefika ule umri ambao ndugu wakikutana kwenye shughuli humtazama yeye kwanza, halafu wanatazama chini. Wanadhani hana mtu. Kumbe anaye, fundi wa vioo mwenye mvi mbili tatu na kibanda chake karibu na soko. Mtaa mzima unajua. Hapa mtaani aliyefichwa ni mtu mmoja tu, na huyo ndiye mwenye nyumba.

Ukitaka kujua ugonjwa huu aliupata wapi, rudi alipokuwa kidato cha tatu. Mvulana wake alikuwa kidato cha nne, jina la utani Mluzi, na hakulipata kwa bahati. Alikuwa anapita nyuma ya nyumba na kupiga mluzi mmoja mrefu. Hapohapo shangazi anakumbuka kwamba takataka zimejaa. Anabeba ndoo, anakwenda jalalani, wanaongea mpaka ndoo ianze kutiliwa shaka, anarudi. Bibi alijisifu kwa majirani kuwa hakuna binti msafi kama wake. Ndoo yenyewe ilikuwa inakwenda kumwagwa ina ganda moja la ndizi.

Wakitoka shule, shangazi alitembea upande huu wa barabara, Mluzi upande ule. Mvulana akiwa na neno, alimwambia rafiki yake kwa sauti ya kuuza samaki, "Kesho mimi nitakuwa maktaba baada ya vipindi!" Na shangazi alimgeukia shoga yake, "Kesho mimi siwezi, nina zamu ya kufagia!" Wale marafiki wawili walikuwa nguzo za simu tu.

Siku moja walitembea upande mmoja, kwa sababu mvua ilikuwa kubwa na mwavuli ulikuwa mmoja. Babu, ambaye siku hizo alikuwa msimamizi wa ghala, akatokea kwenye kona. Hakupiga mtu. Alisema tu, mbele ya watu wote waliojibanza barazani, "Nisikuone tena barabarani na mwanaume." Akaendelea na safari zake. Kwa jinsi ninavyomjua babu, alipofika nyumbani alikuwa ameshasahau na anauliza chakula. Mluzi hakusahau. Wiki haikuisha akawa anawapigia mluzi mabinti wa majirani.

Samaki mkunje angali mbichi, wanasema. Hawasemi samaki afanye nini anayekunjwa na mtu aliyekuwa anapita tu. Shangazi alikulia kwenye mkunjo huo. Alipokuwa kijana wa kuolewa alijitokeza mwalimu mmoja, mtu mpole, akaja kupiga hodi mlango wa mbele mchana kweupe, shati limepigwa pasi. Shangazi akamkataa. Nilipomuuliza sababu alinijibu bila aibu, "Mwanaume anayekuja na mlango wa mbele, anaficha nini?" Baadaye akaja karani aliyezoea kumwita kwa jina kutoka mbali na kumpungia mkono. Huyo alimkimbia mpaka akajificha nyuma ya magunia ya mkaa. Penzi lisilokuwa na woga ndani yake hakulitambua. Aliliona kama chai ya jana.

Fundi wa vioo alimfaa kwa sababu ana subira, na kwa sababu alikubali ukuta. Babu akishakula mchana husinzia barazani, mdomo wazi. Hapo fundi anaruka ukuta wa uani, wanakaa kwenye ngazi ya jikoni wakinong'ona, na babu akikohoa tu, mwanaume anarudi alikotoka. Mtu mzima yule, na magoti yake yale.

Mara babu akaanza kusikia vishindo. Akasema ni wezi. Akaamua ukuta upandwe vipande vya chupa juu, na akamwita mtu anayeaminika kwa kazi hiyo. Ndiyo, huyohuyo. Fundi alipanda chupa ukuta mzima kwa ustadi, akabakiza pengo kwenye kona, upana wa mtu mmoja mwenye kitambi kidogo.

Shida ni kwamba babu alimpenda. Siku tatu za kazi ile walipiga soga mpaka babu akagundua fundi hana mke. Mchana mmoja tukiwa mezani, mzee akatangaza:

"Yule fundi wa vioo nimemtafutia mchumba. Binti wa jirani yetu mwenye duka la dawa."

Kijiko cha shangazi kilisimama njiani.

"Na yeye amekubali?"

"Amesema atanijibu. Mwenye adabu hakubali siku ya kwanza. Wewe pia ungejifunza kwake, mwanangu, maana wako wote uliwakataa siku ya kwanza."

Kesho yake fundi alikuja saluni. Ukutani palihitajika kioo kirefu, kwa hiyo alikuwa na sababu na futi yake mkononi. Mbele ya wateja, wao huitana fundi na dada, kama watu wa ofisi ya ardhi.

"Dada, hapa nipime mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye swichi, fundi." Halafu chini kwa chini, "Umemjibu nini mzee?"

"Bado. Nimjibu nini?"

"Mwambie unafikiria."

"Mimi nimefikiria miaka mitatu." Akaikunja futi. "Sikia. Sitaki binti wa duka la dawa. Lakini mzee akiniuliza tena kama nina mtu, sitasema uongo. Barabarani unanipita kama nguzo. Mtu anayepitwa hivyo ana mtu?"

Shangazi akarudi kwenye nywele. Alimsuka mteja aliyekuwa kitini kwa nguvu hata yule mama akauliza kama amemkosea.

Kioo kililetwa Jumamosi asubuhi. Watu wa maji walikuwa wamechimba mtaro, gari likaishia kwenye kona, na msaidizi wa fundi mgongo ulikuwa umemkamata. Kioo cha urefu ule hakibebwi na mtu mmoja. Mimi nilikuwa na dawa kwenye kichwa cha mteja, na dawa ile ukiiacha, nywele zinabaki kwenye taulo. Fundi akamtazama shangazi. Shangazi akatazama njia. Kati ya kona na saluni ipo baraza ya babu.

"Nitashika," akasema.

Fundi akampa vipande vya mpira vya kushikia. Nilisimama mlangoni na glavu zangu nikawaona wakija, yeye mbele, fundi nyuma, kioo kimesimama kati yao kama ng'ombe mgonjwa.

"Mguu wa kulia. Sasa kushoto. Usivute. Ukivuta wewe na mimi nikisimama, kinakatika katikati."

Ndivyo kazi ile ilivyo. Lazima mwende hatua moja, upande mmoja, na hakuna kuachia. Babu alikuwa macho.

"Fundi! Shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lile jambo letu vipi? Watu wananiuliza. Au una mtu?"

Fundi akasimama, na shangazi hakuwa na la kufanya ila kusimama naye. Fundi alifungua mdomo, akaufunga. Jibu alimwachia shangazi. Naye shangazi, kama angekuwa na ndoo angeikimbiza, lakini mikononi alikuwa na kioo.

"Anaye, baba."

"Wewe umejuaje?"

"Ni mimi."

Mama wa chapati aliyekuwa ng'ambo alizima jiko ili asikie vizuri. Babu alimtazama binti yake, akamtazama fundi, akauangalia ukuta wa uani kwa muda mrefu, hasa ile kona.

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu."

"Miaka mitatu! Na mimi nakulipa unizibie wezi?" Akapumua. "Wekeni hicho kitu kabla hakijaua mtu. Halafu mje mkae hapa. Mbele."

Kioo kilifika salama. Walikwenda barazani, mimi nikiwafuata na chai, maana umbea wa kusimuliwa hauna ladha. Wakakaa kwenye benchi moja. Nilitegemea machozi, au maneno mazito. Shangazi akachukua kikombe cha fundi, akatia sukari vijiko vitatu.

"Mimi situmii sukari," fundi akasema taratibu.

"Hutumii?"

"Sijawahi."

Babu akacheka mpaka akashika mbavu. "Mtu wako huyu! Ana ndugu wangapi?"

Shangazi akamgeukia fundi. Hakujua.

"Mama yake yu hai?"

Hilo pia hakulijua. Uso ulimshuka. "Baba, sisi tulikuwa tunanong'ona," akasema. "Tena tukisikiliza kama umeamka. Mambo marefu tungeyaweka wapi?"

Babu hakucheka tena. Alisogeza kiti chake kidogo, akaligeuzia mgongo benchi, akajifanya anawatazama wachimba mtaro.

"Tuko saba," fundi akaanza. "Mimi wa nne. Mama yupo, ila macho yamemsumbua."

"Yamemsumbua tangu lini?" shangazi akauliza, kwa sauti ya kawaida, ile anayoulizia wateja. Chai yenye sukari akainywa yeye.