Hakutafuna Kahawa Hadi Seva Ijibu

Saa moja asubuhi gari la Muleba limeshakiacha kituo cha Rwamishenye, Bukoba. Ndani yake, Joanitha Rwekaza, fundi wa kompyuta wa chama kimoja cha wakulima wa kahawa, amekumbatia kompyuta yake kama mtu aliyebeba mayai. Mkobani ana barua ya kusimamishwa kazi. Kikao cha kumfukuza ni saa nne.

"Wameniita mzembe," anamwambia abiria wa pembeni. "Siku kumi na tisa sijala chakula kikashuka, kwa ajili ya seva yao."

Kosa lake? Alishindwa kuunganisha mizani ya vituo vitatu na seva, ile kompyuta ya kukodi iliyoko mbali. Njia salama ya kupitishia taarifa ilitaka kuongezwa kitu kwenye kiini cha mfumo, programu inayoendesha kompyuta yote. Kila akijaribu, seva inakataa. Wakulima wakarudi nyumbani na kahawa yao kichwani, bila kupimiwa.

Muuzaji wa huduma hiyo, Nathanieli wa Bukoba mjini, aliapa kwamba seva ni kamili, ina kiini chake. Viongozi hawakumchunguza. Walishatafuna naye kahawa, ishara ya kuaminiana, basi.

Saa nne, ukumbini, mbele ya viongozi na Nathanieli, kikapu cha kahawa ya kutafuna kinapita. Joanitha anakirudisha.

"Binti, unakataa kahawa yetu?" anauliza mwenyekiti, Mzee Rutaihwa.

"Nitatafuna, taata," anasema, akimwita baba kwa Kihaya. "Kwanza Nathanieli aandike mstari mmoja hapa kwenye kompyuta."

"Mimi si karani wako," anasema Nathanieli.

"Uliiuza wewe. Iulize ni seva ya aina gani."

Nathanieli anaandika kwa kidole kimoja amri anayotajiwa na Joanitha: systemd-detect-virt. Seva inajibu neno moja: openvz.

"Kwa Kiswahili," anasema mzee.

"Mkataba unasema kvm, nyumba yako na jiko lako. Hii openvz ni chumba cha kupanga, taata. Kiini ni cha mwenye nyumba, tunakitumia na wapangaji wengine. Mnanifukuza kwa sababu sikuhamisha mafiga ya watu."

"Zote ni seva tu," ananung'unika Nathanieli.

"Na mimi nilikuamini siku kumi na saba kabla ya kuiuliza. Hilo ndilo linaniuma."

Leo Nathanieli bado ana duka lake mjini. Mzee Rutaihwa bado ni mwenyekiti. Seva ilibadilishwa, mizani ya vituo vyote inasomeka. Joanitha alirudishwa kazini, radhi hakuombwa. Anapanga kuwafundisha makarani wa vituo mstari ule, wauandike kabla kikapu hakijapita.

Kahawa aliitafuna, kama alivyosema. Aliitafuna akiwa amesimama, hakuketi nao.