Daraja Lililopembuliwa Mara Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Dumila, nilikwenda na viatu vya mchuchumio. Leo nacheka. Nilikuwa fundi sanifu wa ujenzi, mwanamke pekee ofisini, na Msimamizi wa Barabara alinituma nikapime kalavati, lile bomba la zege linalopitisha maji chini ya barabara. Nikarudi na vipimo vyangu, najiona mtaalamu.

"Masika maji yanafika wapi?" akaniuliza.

"Sijui, mzee. Sasa hivi pakavu."

"Basi umepima shimo. Rudi ukawaulize wanaoishi pale."

Nilirudi peku, viatu mkononi.

Baadaye nilihamishiwa halmashauri ya vijiji vya mlimani Uluguru, na huko nikalikuta daraja la waenda kwa miguu ambalo halikuwepo. Juu ya Mkuyuni kuna mto mdogo unaotenganisha kitongoji na shule. Masika watoto walivuka wameshikana mikono, na mwaka mmoja binti wa darasa la nne alichukuliwa na maji. Kila tulipopata fedha, aliitwa mshauri elekezi, mtaalamu wa nje anayekuja kwa mkataba, afanye upembuzi yakinifu: achunguze kama daraja linawezekana, na mahali gani. Alikuja kiangazi, njia ikiwa nzuri, akaupima mto umelala, akatuachia kitabu kinene chenye jalada la kung'aa. Fedha ziliishia kwenye kitabu. Hivyo mara tatu! Kabatini tulikuwa na madaraja matatu ya karatasi, na mimi nilikuwa nimekwishachoka kuyafuta vumbi.

Ulipoletwa mkataba wa nne, niliingia kwa Mkurugenzi, mkuu wetu wa halmashauri, nimevibeba vitabu vyote vitatu.

"Tulijenge wenyewe kwa fosi akaunti," nikasema. Maana yake tununue vifaa na tutumie mafundi wa hapo hapo, bila mkandarasi.

Alinitazama juu ya miwani. "Likienda na maji, mama?"

"Jina langu litakuwa kwenye mchoro."

"Jina halimrudishi mtoto."

Hilo lilinichoma, maana lilikuwa kweli. Mhandisi wa Wilaya alikubali kukagua mahesabu yangu, akayakagua mara mbili. Mimi nikapanda kwa Bibi Skolastika, anayelima kabichi kando ya mto ule.

"Shikamoo, bibi. Yule binti alipochukuliwa, maji yalifika wapi?"

Akanipeleka kwenye jiwe katikati ya shamba lake, juu kabisa ya pale vitabu vyote vilipoyachora. "Hapa."

"Waliokuja kupima hawakukuuliza?"

"Walinisalimia vizuri tu, mwanangu. Walikuwa na haraka."

Nikaipandisha sakafu ya daraja juu ya jiwe lile, kisha nikaongeza kidogo kwa sababu ya woga wangu. Mkurugenzi akatia saini, na mafundi wa hapo hapo wakalijenga.

Masika ya kwanza mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Nilikaa hapa nyumbani Bigwa, chini ya mlima, nautazama ulivyofunikwa na wingu. Asubuhi ya nne nikapanda pikapu ya ofisi. Niliusikia mto kabla ya kuuona. Maji yalikuwa yamelimeza jiwe. Juu yake daraja limesimama, na Bibi Skolastika anavuka na kikapu kichwani, wanafunzi nyuma yake kwa mstari mmoja.

"Mbona umekaa kwenye matope, mwanangu?" akaniuliza alipofika.

Sikujua kama nimekaa. Nililia mbele ya dereva bila aibu yoyote.

Vijana mlio kazini, sisemi washauri elekezi hawana kazi. Daraja la malori, waiteni, na muwalipe vizuri. Ila tangu siku ile Mkurugenzi hakusaini mkataba kabla ya kuuliza maswali mawili: nani kati yetu anaiweza kazi hii, na kabatini kuna nini? Nasikia aliyemrithi huuliza hivyo hivyo, nami nashukuru.

Tangu nistaafu, watu huniuliza kama naikumbuka ofisi. Kwa kweli siikumbuki sana. Miaka mingi, wingu likitanda Uluguru, nilikuwa nampigia simu mtendaji wa kijiji: maji yamefika wapi? Siku hizi mvua ikianza kupiga bati baada ya chakula cha mchana, navuta khanga, nalala.