Chungu cha Bibi wa Mazingara

Juzi huko Magoma niliona vyungu vibichi vimefunikwa magunia yaliyolowa, nikamkumbuka bibi yangu wa Mazingara.

Likizo moja niliyokaa kwake alinifinyangia chungu cha kumpelekea mama. Alipomaliza alikifunika, naye akajilaza mkekani. Nikaona ni uvivu tu, maana keshokutwa nilikuwa narudi Korogwe. Nikakifunua, nikakianika juani ili kikauke haraka. Kilinukia mvua, halafu nikasikia "ta."

"Bibi, kimepasuka."

"Una haraka kama bodaboda. Hicho hakijapumzika, na mimi sijapumzika. Njoo ulale."

Nililala macho wazi, nimenuna, nikamsikiliza akikoroma. Kwa mama nilifika mikono mitupu.

Likizo hii nimejilazimisha kuandika hadithi wiki nzima, nikachana kurasa kibao. Leo nimelifunika daftari, nami nikajilaza mchana. Nimeamka mara tatu kulichungulia.