Gari la Kiboko na Doti ya Nadine

Enzi zetu, sisi tuliokulia Kibenga, kando ya ziwa... jamani, nina miaka ishirini na sita na tayari nasema "enzi zetu" kama bibi mwenye wajukuu. Mtanivumilia. Mliowahi kugombania telefone moja ya nyumba nzima, kioo kimepasuka pembeni, mtanielewa.

Telefone yetu ilikuwa ya dada yangu Nadine, na ndani yake kulikuwa na mchezo wa mbio za vigari. Niliendesha kigari cha kuanzia, kile wanachopewa wote, lakini roho yangu ilikuwa kwenye gari la kiboko: mgongo wa kijivu, magurudumu ya waridi, mdomo unaofunguka ukikanyaga mafuta. Viboko wenyewe walipotoka ziwani jioni kula majani nyuma ya ukuta wetu, nilijificha chini ya kitanda. Huyu wa kwenye kioo nilimtaka hadi kufa.

Ili lifunguke, ilibidi ushinde mbio moja kila siku, siku saba mfululizo. Ukiruka moja, unaanza upya. Watoto wa sasa wanalinunua kwa telefone ya baba, kesho wamelichoka. Mimi mara ya kwanza umeme ulinikatikia siku ya tano. Mara ya pili Nadine alikwenda na telefone yake kwenye kwaya, nikasusa hata ndagala wa kukaanga, vile visamaki vya ziwani, na ndagala sikuwahi kuwasusa.

Siku ya saba ya jaribio la tatu iliangukia doti ya Nadine, siku wakwe walipoleta mahari. Umeme haukuwepo tangu jana yake. Nadine akanikabidhi telefone.

"Kadogo, we ndo utafilime. Apana kucheza! Hii batri ni ya kufilimia Papa akisema."

"Ndiyo, dada," nikasema, nikaingia nayo chooni.

Nilihitaji kushinda mara moja tu. Nikashindwa nne. Ya tano nikashinda, kiboko akafungua mdomo, nami nikarukaruka peke yangu mle chooni na gauni langu la satini, bingwa wa dunia.

Kisha nikatoka kufilimu kwa bidii zote. Msemaji wa wakwe aliomba mchumba, msemaji wetu akaapa kwamba nyumba hii haina binti, wageni wakacheka ingawa kila doti husemwa hivyo hivyo. Mwishowe Baba akasimama, akamwekea Nadine mkono kichwani. "Mwana yangu," akaanza, na kioo kikawa cheusi, batri imekwisha, naye akaendelea kusema.

Baba hakunikaripia. "Acheni mutoto," alisema akicheka. "Ile maneno nitairudilia ku mariage."

Wiki tatu baadaye moyo wake ulisimama. Harusi tuliifanya bila yeye. Na lile gari, nilipopata nguvu ya kulijaribu, lilikuwa zito na lilishindwa na kila mtu.

Siku hizi vijana wanafilimu hata sahani ya chipsi. Nawacheka, halafu nawaonea wivu. Nadine ana sekunde mbili za baba yake na maneno mawili. Siku ile alikuwa analia, hakusikia. Mama alikuwa kwenye masufuria. Baba alikuwa na sauti ya chini na vigelegele vilikwishaanza. Niliyekuwa karibu kuliko wote ni mimi. Kwa hiyo kila mwaka, siku ya doti yake, ananipigia: "Kadogo, niambie tena Papa alisema nini."

Ukweli ni kwamba sikusikia. Nilikuwa nimeinama, nabonyeza kitufe, naomba Mungu gari langu lisiwe limefutika. Lakini mwaka wa kwanza alipouliza nilimwambia Baba alimtakia nyumba yenye kicheko, na mwaka uliofuata nikaongeza watoto na afya, na tangu hapo naongeza.

Mwaka huu aliniambia ngoja kwanza, anatafuta kalamu, anataka kuyaandika awasomee wanawe. Nikangoja. Akarudi, akasema, "Sema polepole." Nikasema polepole.