Kompyuta Ndogo Iliyoamka Mbele ya Mama Mkwe

Aibu hii angekuwepo mke wangu angeisimulia yeye, tena vizuri kuliko mimi, maana kunicheka alikuwa anakujua. Kwa kuwa hayupo, wacha nijianike mwenyewe.

Kabula alipofariki aliniachia binti yetu Minza na simu iliyojaa sauti alizokuwa anarekodi: kwaya, nyimbo za palizi ya pamba, na upuuzi wetu wa jikoni. Simu ikaanza kuzimazima. Nikaona ikifa hii nitakuwa nimemzika mara ya pili, nikaenda mjini Bariadi kwa dada mmoja anayeuza kompyuta, nikamwambia mapema kwamba mimi ni wa darasa la saba, asinizungushe, nataka kitu cha bei ndogo cha kupigia muziki nyumbani.

Akanionyesha laptop ya mtumba, ikavuma kama mashine ya kusaga. Akanionyesha kingine kidogo mno, hakina hata tundu la kuchomeka waya wa spika. Halafu akatoa kompyuta ya ukubwa wa kipande cha sabuni, haina kioo wala feni, inatumia Linux, mfumo ambao (alivyonieleza) watu wanaupata bure na hauhitaji mashine yenye nguvu. Inachomekwa kwenye redio kubwa ya zamani, unaiongoza kwa simu yoyote kupitia kile kiboksi cha intaneti cha nyumbani. Bei yake haikufika ya mbuzi.

"Haina kelele?" nikauliza.

"Weka sikio, baba."

Nikaweka. Kimya kabisa. Akahamishia sauti za Kabula humo, akapiga wimbo mmoja, na mimi ambaye nimeishi na yule mwanamke miaka yote nikamsikia akivuta pumzi kabla ya kuanza kuimba, kitu ambacho kile kispika cha simu hakikuwahi kunipa. Mpaka leo naiheshimu ile kompyuta. Kosa halikuwa lake.

Kosa lilikuwa langu, dada aliponiuliza, "Nikuwekee ikipata umeme ianze kupiga yenyewe, pale ilipoishia?" Nikajibu ndiyo, kwa uvivu tu wa kutafuta simu kila mara.

Sasa, mama mkwe akatuma habari kwamba anakuja kutoka Nkololo na shemeji yangu Masanja. Sikuhitaji kuambiwa wanafuata nini. Walitaka kumchukua Minza akalelewe na bibi yake, na wazee wengine wa jirani walikuwa wameitwa washuhudie. Nilikuwa nimeshazoea mtoto kulala chumba cha pili akikoroma, na sikujua nitaishije nyumba isiyo na hata hilo.

Asubuhi ile nikawa nafagia uani, redio nimeifungulia sauti hadi mwisho ili nisikie nikiwa nje, umeme ukakatika katikati ya rekodi. Nikaendelea kufagia. Redio nikaisahau.

Wageni wakafika. Mama mkwe nikampa kiti kizuri sebuleni, pale ukutani penye kivuli, na mimi nikakaa mbali mlangoni macho chini, kama inavyompasa mkwe. Kwetu humpiti mama mkwe karibu, huinui sauti mbele yake, na miaka yote sikuwahi kumtania hata kidogo (machoni pake). Mzee mmoja akafungua kwa sala. Tukainamisha vichwa. Alipofika kwenye jina la marehemu, umeme ukarudi.

"Kabula, hii ni mboga au ni maji ya kunawia?"

Sauti ilikuwa ya mama mkwe, ila aliyeitoa ni mimi. Kila akija kwetu alikuwa anafunua sufuria na kuuliza hivyo, na siku Kabula aliyorekodi hiyo, jikoni nilikuwa namwigiza, nikaendelea kwa wimbo kabisa huku nikigonga debe, namna anavyotembea, namna anavyokemea kuku, na Kabula anacheka mpaka anakohoa, "Baba Minza acha, atakusikia yule."

Nikatoa simu niizime ile kompyuta. Kiboksi cha intaneti nacho ndiyo kwanza kilikuwa kinaamka, simu haioni kitu. Redio na waya wa umeme vilikuwa nyuma ya kiti cha mama mkwe, na mimi kumpitishia mkono mgongoni siwezi, bora nife. Nikamwangalia Masanja. Akaruka, akachomoa waya, ukawa wa friji. Basi nikasimama mikono kifuani nikajisikiliza mpaka wimbo ulipoisha wenyewe.

"Anayeimba ni nani?" mama mkwe akauliza.

Masanja akanikonyeza na kusema labda ni redio ya Mwanza.

"Ni mimi, mayu," nikasema, nikimwita mama kwa Kisukuma chetu.

"Na anayecheka?"

"Ni Kabula."

Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Amenyamaza haraka. Irudishe."

Simu sasa ilikuwa imeshaiona kompyuta, nikairudisha, na nawaambia kujisikia mara ya pili, kwa ruhusa ya mwenyewe ninayemtania, kulinitoa jasho kuliko mara ya kwanza. Yeye hakunitazama. Alikuwa amegeuka, ameinamia ile spika kama mtu anayeota moto.

Wakati wa kuondoka hakuna aliyetaja tena habari ya kumchukua mtoto. Alisema tu, "Minza atakuja likizo. Hapa mama yake bado anacheka." Kisha akapita jikoni, akafunua sufuria yangu, na kwa sauti ya kusikiwa na wazee wote akauliza kama hii ni mboga au ni maji ya kunawia.

Ile kompyuta siiuzi. Ila nimeirudisha kwa yule dada aiondolee kujianzia yenyewe, na soketi nimeihamishia ukuta wa mlangoni, ninapokaa mimi mkwe.